Mlango Uliofungwa

Hospitali ikishika moto wengi wetu tungepiga kelele: kimbieni! Lakini aliyepasuliwa asubuhi akimbilie wapi?

Tarehe 8 Desemba 1961, mjini Hartford, Marekani, moto ulianza ndani ya bomba la kutupia taka la hospitali kubwa ya mji huo, ukalipukia ghorofa ya tisa. Dari ya korido ilikuwa ya vitu vinavyowaka upesi. Watu 16 walikufa. Ila wagonjwa waliofungiwa milango ya vyumba vyao walipona, huku korido ikiteketea hatua chache tu kutoka vitandani. Mlango, jamani, mlango tu!

Wodi zetu nyingi ni ukumbi mmoja mrefu, vitanda huku na huku. Muuguzi wa zamu ya usiku afunge mlango upi?