Mkulima Aliyeipa Meli Pangaboi

Leo tunazungumza juu ya rafadha, kile chombo kinachozunguka chini ya mashine ya boti, ambacho wengi wetu twakiita pangaboi. Pengine mtauliza, pangaboi linahusu nini kipindi cha wakulima? Linahusu sana, maana mmoja wa watu waliolifanya likubaliwe duniani alikuwa mkulima.

Mtu huyo ni Francis Pettit Smith, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1808. Kazi yake ilikuwa kulisha mifugo huko Hendon, karibu na London. Zama zile meli za moshi zilisukumwa na magurudumu makubwa ubavuni. Smith alitengeneza boti ndogo ya mfano, akaifunga kitu kama parafujo nyuma, akaijaribu katika bwawa. Wengine nao walikuwa mbioni. Josef Ressel alijaribu yake huko Trieste mwaka 1829, na John Ericsson alipata hati ya ubunifu mwaka ule ule wa 1836 aliopata Smith.

Sasa sikilizeni ajabu. Mwaka 1837 Smith alikuwa akijaribu boti yake katika mfereji wa Paddington. Parafujo yake ilikuwa ya mti, ndefu, yenye mizunguko miwili kamili. Ikagonga kitu majini, nusu yake ikakatika. Lo! Badala ya kusimama, boti ikaongeza mwendo. Kumbe urefu ule ulikuwa wa bure, unasugua maji tu. Smith akaifupisha. Mwaka 1845 jeshi la majini la Uingereza likafunga meli mbili kwa kamba, shetri kwa shetri. Rattler ya rafadha ikaiburuta Alecto ya magurudumu kinyumenyume. Ubishi ukaisha.

Mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyeishi Milwaukee, Marekani, alianza kuuza mashine ya kupachika nyuma ya boti, yenye nguvu ya farasi moja na nusu. Rafadha sasa ikafika kwenye maji madogo, kwenye mawe na visiki. Hapo ndipo umuhimu wa pini laini unapoonekana. Mashine nyingi ndogo hufungwa rafadha kwa pini hiyo. Ukigonga jiwe, pini inakatika, giya zinapona. Nyingine zina mpira ndani ya kitovu cha rafadha unaofanya kazi hiyo hiyo.

Basi, ndugu mvuvi, usije ukasema, "La Smith lilivunjika likaenda mbio, na langu nitaliacha hivyo hivyo." La! La kwake lilipunguzwa kilichozidi. La kwako limekwisha pimwa kiwandani. Bapa moja likikatika, uzito hauko sawa, mashine inatetemeka, na mtetemo huo unakula beringi na sili. Maji yakiingia kwenye oili ya giya, oili hugeuka nyeupe kama maziwa.

Kabla ya kugusa rafadha, zima mashine na uchomoe waya wa plagi. Pengo dogo ukingoni, lisawazishe kwa tupa. Bapa lililopinda, mpelekee fundi mwenye vipimo. Lenye ufa karibu na kitovu, usilitumie tena. Nunua jingine la kipenyo kile kile na hatua ile ile. Hatua ni umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kama parafujo iingiavyo kwenye mbao. Hatua ikizidi, mashine inaelemewa. Ikipungua, inazunguka mbio kupita kiasi.

Na pini ikikatika, usipige msumari wa chuma kigumu. Msumari hautakatika, zitakatika giya, nawe utabaki katikati ya ziwa upepo ukikuchukua. Weka botini pini mbili za akiba za aina yake, koleo, na kasia. Pini ni ya bei ndogo, lakini ndiyo inayokurudisha nyumbani.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Ni kweli, ila mhunzi lazima ajue koleo limevunjikia wapi, na kwa nini. Kwaherini.