Kutoka Götzen Hadi Liemba

Alfajiri ya 22 Juni 1915, meli za Waingereza zilizotoka Kisumu zilishusha askari kaskazini ya mji wa Bukoba. Walipigana na Wajerumani siku mbili, wakabomoa kituo chao cha redio, mji ukaporwa, kisha wakarudi walikotoka. Mtu wa Ijumbi, huku Kagera, anayetaka kuiona meli ya Vita Kuu ile ya Kwanza ya Dunia na kugusa chuma chake lazima afunge safari: Muleba, Biharamulo, Kakonko, Kibondo, Kasulu, hadi Kigoma. Huko, kwenye Ziwa Tanganyika, iko Liemba.

Ilianza kazi ya vita mwezi huohuo wa Juni 1915. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000. Yalishushwa Dar es Salaam, yakasafirishwa hadi Kigoma, na huko meli ikaunganishwa upya. Wajerumani wakaiita Graf von Götzen, jina la gavana wao aliyezima Vita vya Maji Maji kwa kuchoma vyakula na mashamba, watu wakafa kwa njaa kusini nzima. Jina hilo halikuchaguliwa kwa bahati mbaya.

Julai 1916 Wajerumani walikuwa wanaikimbia Kigoma. Mafundi walipewa amri ya kuizamisha meli, lakini kwanza wakapaka mitambo grisi nzito, kila kiungo. Wakaijaza mchanga na kuilaza karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, wakitumaini kuirudia. Hawakurudi. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa majini, wakafuta ile grisi, na injini zikakutwa bado nzima. Mimi naona hiyo ndiyo sehemu ya ajabu kuliko vita vyote: adui kafaidi uangalifu wa fundi. Mwaka 1927 ikapewa jina la Liemba, jina la kale la Ziwa Tanganyika upande wa kusini.

Kuanzia hapo ikawa meli ya watu. Vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati, kwa hiyo ilitia nanga mbali na ufuko, hata usiku wa manane, ikapiga honi, na mitumbwi ikaizunguka. Magunia ya dagaa yalipandishwa kwa mikono, abiria wakavutwa ndani. Watalii walitoka mbali kuja kuipanda hadi Mpulungu, Zambia. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi Kongo.

Mwaka 2018 ilisimama, na baadaye serikali ikaingia mkataba wa kuikarabati. Ombi langu kwa wanaoikarabati ni moja: mgeni atakayeipanda asisimuliwe habari za mizinga na maofisa tu. Pawekwe pia, mahali pa kuonekana, maelezo kwa Kiswahili ya nani alikuwa Götzen na aliwafanyia nini watu wa Umatumbi, Ungoni na Ungindo.