Habari za Miti ya Dawa, na Neno Letu Moja Lililofika Ulaya



Taarifa ya mwaka huandikwa ili kila mwanachama ajue jinsi mali ya Chama ilivyotumika. Hesabu za fedha zimekwisha kuelezwa katika kurasa zilizotangulia. Lakini ipo mali nyingine isiyokuwamo katika daftari la mweka hazina, nayo ni elimu ya miti ya dawa tuliyoachiwa na wazee. Mali hii haiingii sandukuni, wala haina mkaguzi. Hata ikipungua hatuoni upungufu wake mpaka siku tunapoihitaji. Kwa hiyo twaomba ruhusa ya wazee tueleze kidogo historia yake, kwa adabu, tukijua ya kuwa wengi watakaosomewa kurasa hizi waijua miti yenyewe kuliko sisi tuishikao kalamu.

NCHI NA WATU WAKE

Kotile iko ukingo wa mashariki wa Mto Tana, upande wa Garissa. Asimamaye hapa ana nchi mbili. Kando ya mto pana miti mirefu na mashamba. Akiupa mto kisogo, mbele yake ni pori kavu la miiba. Kwa sababu hiyo watu wa namna nyingi wamekutana katika sehemu hizi: Wasomali wenye mifugo, Wapokomo na Wamalakote wa mashamba ya mtoni, Waorma wa ng'ambo ya pili, na upande wa kusini-mashariki, katika msitu, Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni. Kila watu walikuwa na elimu yao. Mfugaji alijua mti wa kumtibu mnyama, mkulima alijua majani na mizizi ya ukingoni, na mwindaji alijua sumu.

Tena, serikali na hospitali zake hazikuwa karibu. Tangu mwaka 1926 wilaya za mpaka wa kaskazini zilifungwa, na sheria ya wilaya maalum ya mwaka 1934 ilizidi kukaza mwendo wa watu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 vilikuja vita vya shifta, mpaka mapatano ya mwaka 1967. Na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa katika mkoa huu mpaka mwaka 1991. Katika miaka hiyo yote maradhi hayakungoja barabara itengenezwe wala kibali kitolewe. Mgonjwa alitibiwa kwa kile kilichoota karibu na boma.

MITI MITATU IJULIKANAYO NA WOTE

Mti wa kwanza ni mswaki, ambao Wasomali huuita caday. Hakuna nyumba isiyoujua. Waislamu huutumia pia kwa kufuata sunna ya Mtume, na mzee mwenye meno kamili mara nyingi hukuonyesha kijiti mfukoni mwake ukimwuliza siri yake. Wataalamu walioupima mzizi wa mti huu wameona ndani yake kitu kikali, cha jamii moja na ukali wa haradali, kiuacho vijidudu vya kinywani. Basi ule ukali tuusikiao ulimini tunapotafuna mswaki mpya si ladha tu. Sehemu yake ni dawa yenyewe.

Mti wa pili ni malmal, yaani manemane, utoao utomvu mwekundu katika nchi kavu. Utomvu huo wazee huuweka juu ya kidonda ili kisioze, na huusukutua kinywani penye maumivu ya fizi. Sifa yake ni ya kale sana. Zaidi ya miaka 3,400 iliyopita, Malkia Hatshepsut wa Misri alipeleka merikebu katika nchi iliyoitwa Punt, upande wa pembe hii ya Afrika, nazo zilirudi na manemane pamoja na miche yake. Na Ulaya nako maji ya manemane yametumika kusukutulia kinywa. Hivyo dawa ile ile iliyofungwa katika pindo la nguo ya mchungaji imekaa pia katika chupa za maduka ya dawa ya mbali.

Mti wa tatu ni hagar, ndugu yake manemane. Huu hasa ni dawa ya mifugo. Utomvu wake huchanganywa na maji, na ng'ombe au ngamia hupakwa ili kupe wamwache. Mtu wa mjini aweza kuliona jambo hili dogo. Lakini mfugaji ajua kwamba mnyama aliyepona kupe ni maziwa ya watoto.

HABARI YA WAABAAYO

Sasa twaja kwa mti wa nne, ambao ndio sababu ya makala hii. Waswahili huuita msunguti. Wasomali waliita sumu yake waabaayo. Wawindaji wa nchi zetu, kama Waaweer na Wawaata, waliipaka sumu ya namna hii kwenye mishale yao. Magome na vijiti vilichemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yakawa mazito na meusi kama lami, kisha lami hiyo ikapakwa chini ya ncha ya chuma na kufungwa kwa ngozi isikauke. Mnyama mkubwa aliyepigwa mshale huo alianguka karibu, kwa sababu moyo wake ulisimama.

Wawindaji walijua pia jambo la ajabu: nyama ya mnyama huyo huliwa, baada ya kukatwa sehemu iliyo karibu na jeraha. Maana yake ni kwamba walitambua kuwa sumu hii huua iingiapo katika damu, na kwamba ikipitia tumboni nguvu yake hupungua sana. Hawakuwa na darubini wala mizani ya dawa. Walitazama, wakakumbuka, wakafundishana.

Mwaka 1888 mtaalamu wa Ufaransa aitwaye Arnaud alipata vijiti vya mti huu vilivyotoka katika nchi ya Wasomali. Akatoa ndani yake kitu cheupe kama chumvi, ambacho ndicho nguvu ya sumu, naye akakipa jina kwa kufuata lile neno la Kisomali: ouabain. Ndugu wasomaji, neno hilo ni waabaayo, limeandikwa kwa tahajia ya Kifaransa. Limo katika vitabu vya waganga wa dunia nzima mpaka leo.

Wakati uo huo sumu nyingine ya mishale ilikuwa ikipimwa. Daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja, alifuatana na Livingstone katika safari ya Mto Zambezi kati ya mwaka 1858 na 1863. Mswaki wake wa meno uliingiwa na sumu ya mishale iitwayo kombe, naye alipoutumia aliona mapigo ya moyo wake yamepungua. Sumu hiyo ilipelekwa Edinburgh kwa Profesa Fraser, na kufikia mwaka 1885 aliwaonyesha waganga wenzake kwamba kipimo kidogo chake huutia nguvu moyo uliochoka. Mwaka 1906 Daktari Fraenkel, huko Strasbourg, alianza kuwatia wagonjwa wa moyo dawa ya jamii hii kwa sindano katika mshipa wa damu. Ouabain nayo ilitumika hivyo hivyo katika Ulaya kwa miaka mingi, kabla ya dawa nyingine kuchukua nafasi yake. Tazameni: sindano ya mganga ilifuata njia ile ile ya mshale wa mwindaji, yaani damu, kwa sababu ile ile.

Wala habari haikuishia hapo. Mwaka 1957 Profesa Jens Skou wa Denmark alieleza kitu kifanyacho kazi kama pampu katika miili yetu, kitoacho chumvi ya sodiamu nje ya chembe za mwili na kuingiza potasiamu. Ouabain ilikuwa imejulikana kuizuia kazi hiyo, nayo ilisaidia kuthibitisha kwamba pampu ndiyo hiyo. Kwa uvumbuzi huo Skou alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Basi twajua jina la Arnaud, la Kirk, la Fraser, la Fraenkel na la Skou. Jina la mwindaji wa kwanza aliyechemsha magome yale hatulijui, wala la yule aliyewaonyesha wageni mti wenyewe. Katika habari yote hii, sisi tumebakiwa na neno moja tu.

MWANAMKE WA SHROPSHIRE

Mtu aweza kusema kwamba jambo hili lilitupata kwa kuwa sisi ni Waafrika. Katika hayo mna kweli, lakini si kweli yote. Huko Uingereza kwenyewe palikuwa na mwanamke mzee wa jimbo la Shropshire aliyeponya watu waliovimba mwili, kwa dawa ya majani mengi ambayo alificha siri yake. Mwaka 1775 Daktari William Withering aliulizwa maoni yake juu ya dawa hiyo. Akatambua kwamba katika majani yale yote, lenye nguvu ni moja tu, liitwalo dijitali. Kwa miaka kumi alilipima kwa wagonjwa wake, akiandika waliopona na wasiopona, na kipimo alichompa kila mmoja. Kisha akatoa kitabu mwaka 1785. Dawa itokanayo na jamii ya mmea huo ingali yatumika kwa maradhi ya moyo. Jina la Withering lajulikana kila mahali. Mwanamke yule, ambaye alikuwa Mwingereza kama yeye, ameachwa bila jina.

Tofauti ya hao wawili haikuwa rangi, wala haikuwa akili. Mmoja aliandika na kupima. Wa pili alificha na kukumbuka. Na kipimo ndicho kilichotenga dawa na sumu, kwa maana jani lile lile la dijitali likizidi huua, kama msunguti.

Mfano wa tatu watoka China. Zaidi ya miaka 1,600 iliyopita mganga Ge Hong aliandika katika kitabu chake jinsi ya kuloweka majani fulani katika maji kwa ajili ya homa za vipindi. Karibu na mwaka 1972 mama mmoja mtaalamu, Tu Youyou, aliyasoma maneno yale machache. Aliona hayakutaja kuchemsha, akajaribu njia isiyo ya moto mkali, akapata dawa ya malaria ambayo leo hutumika katika zahanati zetu pia. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lau Ge Hong angalimwambia mwanawe tu, na mwanawe akafa kwa njaa au kwa vita, watoto wangapi wangalikufa kwa homa?

HALI YETU SASA

Elimu yetu yapungua kwa njia mbili. Kwanza, kazi iliyoilea imeondoka. Mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya; sheria hiyo ilikuwa na sababu yake, nasi hatuombi mishale irudi. Lakini kijana asiyekwenda msituni na babaye hajui mti wa msituni. Pili, miti yenyewe yasongwa. Mathenge, uliopandwa Bura na Hola mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia mchanga na kutoa kuni, umevuka mipaka yake, na penye mathenge mwingi miti ya asili hukosa nafasi.

Swala wetu aitwaye hirola amepata hifadhi ya Ishaqbini tangu mwaka 2007, na jamii ya Kotile ni miongoni mwa waliotoa ardhi na moyo wao. Mnyama amepata askari. Elimu ya miti haijapata hata daftari.

Sheria yatuunga mkono. Sheria ya Kenya ya kulinda elimu ya asili, ya mwaka 2016, yaziagiza kaunti ziweke orodha ya elimu hiyo na wenyewe wake, ili mgeni asiichukue bila idhini na bila kuwafaidi. Lakini karani wa kaunti hawezi kuandika asichoambiwa.

MAPENDEKEZO

Kwa heshima twatoa mashauri manne:

1. Chama kifungue daftari la miti ya dawa. Kila mti uandikwe kwa majina yake yote, ya Kisomali, Kipokomo, Kiorma, Kiaweer na Kiswahili, mahali uotapo, sehemu itumikayo, na jina la mzee aliyeeleza. Jina la mzee lisisahauliwe kamwe.

2. Mzee atakayependa siri yake ibaki ndani ya ukoo asilazimishwe. Aandikiwe kitabu chake mwenyewe, kikae kwake.

3. Tawi lenye maua au matunda likaushwe, lipelekwe kwa wataalamu wa hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki, iliyohamishwa kutoka Amani hadi Nairobi mwaka 1950, ili mti ujulikane kwa hakika. Majina ya kienyeji hufanana, na kukosea mti ni kuua mtu.

4. Kuandika dawa kusiwe sababu ya kumchelewesha mgonjwa. Mtoto mwenye homa kali, mwenye kuumwa na nyoka, na mama aliyezidiwa na uchungu wapelekwe hospitali mara moja. Na habari za sumu ziandikwe kama onyo, si kama maelekezo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Neno letu waabaayo lilifika Ulaya peke yake, bila jina la mtu wala la kijiji. Twawaomba wazee wetu, wakati pumzi ingalipo, watuite tuje na kalamu, ili lile litakalotoka hapa baada ya leo litoke na jina la mwenyewe.

Sisi watumishi wenu katika Chama.