Wawili Wasio na Majina katika Kaburi la Harkhuf

Ng'ambo ya mji wa Aswan, ukingo wa magharibi wa Mto Nile, kuna mlima wa mawe ya mchanga uitwao Qubbet el-Hawa. Sikio la Mswahili halihitaji mkalimani hapo: ni kuba na hewa, kuba la upepo. Ubavuni mwake yamechongwa makaburi ya mabwana wa kisiwa cha Elephantine, na mojawapo ni la Harkhuf, aliyewatumikia wafalme Merenre na Pepi wa Pili wa Nasaba ya Sita, takriban miaka 4,300 iliyopita. Mwitalia Ernesto Schiaparelli alichapisha maandishi ya ukuta wa kaburi hilo mwaka 1892, na tangu hapo wengi wameyasoma kama habari za mvumbuzi shujaa aliyeifungulia Misri njia za kusini. Usomaji huo unauamini mno ukuta. Ushahidi wake mzito zaidi umo kwa watu wawili ambao ukuta wenyewe haukuwataja majina.

Kwa Wamisri, jina lilikuwa sehemu ya mtu kama mwili ulivyo. Lililochongwa na kutamkwa na wapita njia lilimweka hai mwenyewe. Lililosahauliwa lilipotea naye. Harkhuf alilijua hilo, akalitawanya jina lake mlangoni pa kaburi pamoja na vyeo vyake: gavana wa Misri ya Juu, kuhani msomaji, na kingine kinachofasiriwa mara nyingi kuwa mkuu wa wakalimani. Baba yake, Iri, ametajwa. Hata Khuni, ofisa aliyetumwa kumpokea safarini kwa mashua zilizojaa mvinyo wa tende, mikate na pombe, jina lake lipo.

Mtawala wa Yam hana jina.

Yam ndiyo nchi aliyoiendea Harkhuf mara nne. Safari ya kwanza, akiwa na baba yake, ilichukua miezi saba. Ya pili, peke yake, minane. Ya tatu ndiyo inayoeleza mengi. Alipofika alimkosa mwenyeji: mtawala alikuwa ameondoka kwenda kupigana na Watjemeh upande wa magharibi. Harkhuf akamfuata huko huko, akamridhisha, akarudi na punda 300 waliobeba ubani, mpingo, ngozi za chui na pembe za ndovu.

Tuitazame njia ya kurudi. Msafara ulipita kwa bwana wa Irtjet, Setju na Wawat, nchi tatu zilizokuwa sasa chini ya mkono mmoja, na bwana huyo angeweza kuuzuia. Hakuuzuia. Kwa maneno ya Harkhuf mwenyewe, aliona wingi na nguvu za askari wa Yam waliousindikiza pamoja na wale wa Misri, akatoa ng'ombe na mbuzi, akawaonyesha njia za milimani. Kwa hiyo mali ya Firauni ilifika salama kwa hisani ya jeshi la kusini. Huyo aliyelitoa jeshi hilo alikuwa mshirika, tena mshirika wa lazima, ingawa ukuta unataka aonekane kama mtu wa kutulizwa na kumsifu mfalme.

Kaburi la jirani linaunga mkono hoja hii. Sabni, aliyekwenda Nubia kuuleta mwili wa baba yake Mekhu, anasema wazi kwamba alichukua punda 100 wenye mafuta, asali na nguo ili apatane na wenyeji. Harkhuf hataji alichopeleka. Ni vigumu kuamini kwamba mpingo na pembe zilitolewa bure.

Ilipokuwa Yam bado ni suala la mjadala. Wengi waliiweka Nubia ya Juu, karibu na Kerma, hadi mwaka 2007 yalipogunduliwa maandishi ya Mfalme Mentuhotep wa Pili kwenye Jebel Uweinat, mbali jangwani magharibi, yanayoitaja. Ugunduzi huo haumalizi ubishi, lakini unaonyesha kwamba mikono ya Yam ilifika mbali.

Mwingine asiye na jina ni yule aliyeletwa katika safari ya nne. Mwisho wa upande wa kulia wa uso wa kaburi imenakiliwa barua ya Pepi wa Pili, aliyekuwa bado mtoto, ya mwaka wa pili wa utawala wake. Harkhuf alikuwa na mtu mfupi, *deneg* kwa Kimisri, mchezaji wa ngoma za mungu kutoka nchi ya wakazi wa upeo wa macho. Wafasiri wengine wamelitafsiri neno hilo kuwa mbilikimo wa misitu ya Kongo. Andiko lenyewe halitaji msitu wowote, na hakuna sababu ya kuupachika.

Barua imejaa furaha ya kitoto, na huvutia kila aisomaye. Lakini ndani yake mfalme anatamani kumwona mtu huyo kuliko mazao yote ya Sinai na Punt, yaani anampima pamoja na bidhaa. Anamkumbuka Bawerded, aliyewahi kumletea Mfalme Isesi mtu kama huyo, na Bawerded amepata jina, aliyeletwa hakulipata. Anaagiza mashuani awekewe watu wa kuaminika kila upande asije akatumbukia majini, na usiku akaguliwe mara kumi alalapo. Kama alifika, alicheza au alirudi kwao, kaburi halisemi. Linamwacha pale majini, akielekea kaskazini katikati ya walinzi wake.