Kuvunja, Kutosha, Kubikuza: Maneno ya Pesa Mpakani Bugeshi

Bugeshi ni sekta ya wilaya ya Rubavu, kaskazini mwa mji wa Gisenyi, inayopakana na Kongo. Watu wake hulima viazi, na huko Kabuhanga kuna kituo cha mpaka. Mkulima anayeuza ng'ambo huwa na maswali mawili: atalipwa kiasi gani, na malipo hayo yatageukaje kuwa noti anazoweza kununulia chumvi kwao? Kwa swali la pili, mpaka huu una maneno matatu, na kila neno limebeba sehemu ya historia yetu.

Neno la kwanza ni kuvunja. Katika Kiswahili, kuvunja noti ni kuibadilisha iwe noti ndogo au sarafu. Kinyarwanda kina kitenzi chake, kuvuna, ambacho ni ndugu wa kuvunja: mtu huvuna fimbo, na mguu huvunika. Lakini kwa pesa Wanyarwanda hawasemi kuvuna. Husema kuvunja, kama Waswahili, na mahali pa kubadilisha fedha za kigeni huitwa ivunjisha. Neno hili lilikuja kama iduka na ideni, kwa njia ya wafanyabiashara na askari waliotumia Kiswahili tangu wakati wa Wajerumani, ambao rupia yao ndiyo iliyokuwa fedha ya serikali hapa.

Wabelgiji walipoichukua Rwanda mwaka 1916, faranga ya Kongo ilichukua nafasi ya rupia polepole. Jina lake ndilo lililozaa amafaranga, neno letu la pesa zote. Kwa miaka mingi, hadi 1960, Gisenyi na Goma zilitumia faranga ile ile. Aliyeuza viazi Goma alirudi na fedha inayokubalika nyumbani. Alihitaji kuvunja pale tu noti ilipokuwa kubwa mno. Mwaka 1960 Kongo ilipata uhuru, na Rwanda na Burundi zikaanza kuwa na faranga ya pamoja. Mwaka 1964 Banki Kuu ya Rwanda ilianzishwa na faranga ya Rwanda ikazaliwa. Tangu hapo, kuvuka mpaka kulikuwa pia kuvuka fedha. Naona ndipo kuvunja kulipopata uzito wake wa leo: si kuigawa noti tena, bali kuacha fedha ya nchi moja na kushika ya nyingine.

Uzito huo uliongezeka fedha ya Kongo ilipoporomoka. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 faranga ya Kongo ikarudi, moja kwa zaire mpya 100,000. Mtu aliyeweka noti za zaire ndani bila kuzivunja mapema aliona jasho lake likiwa makaratasi. Si ajabu kwamba dola ilienea katika masoko ya Kongo.

Neno la pili ni kutosha. Katika Kiswahili sanifu, kutosha ni kuwa na kiasi kinachohitajika. Katika Kiswahili cha Kongo, kutosha ni kutoa kitu kilimo. Mtu wa Goma akisema "nimetosha franga", hasemi kwamba pesa zimemtosheleza, bali kwamba amezichukua kutoka benki au kwa wakala wa simu. Mwanafunzi akiandika hivyo katika mtihani atakatwa alama. Lakini akiwa sokoni bila kuijua maana hii, hatakatwa alama tu. Ataelewa vibaya malipo yake mwenyewe.

Neno la tatu, kubikuza, ni la Kinyarwanda. Kubika ni kuhifadhi, kubitsa ni kuweka akiba benki, na kubikuza ni kuitoa akiba hiyo. Tangu MTN ilipoanzisha Mobile Money nchini Rwanda mwaka 2010, neno hilo la benki limefika kwa wakala wa kijijini. Kwa Kiswahili sanifu tungesema kutoa pesa, au kuyageuza malipo kuwa fedha taslimu.

Sasa tumfuate muuza viazi anayelipwa dola kwa simu ya Kongo. Kwanza anatosha kwa wakala wa upande ule na kulipa ada. Kisha anavunja dola ziwe faranga za Rwanda, na mvunjaji naye anachukua faida yake. Akiziweka kwenye simu ya Rwanda, siku ya kuzihitaji atabikuza, na ada itakatwa tena. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipotwaliwa na M23 na benki zake zikafungwa, noti zilikuwa adimu. Mwenye salio kwenye simu alikuwa na pesa, lakini kuila ilikuwa kazi nyingine.

Kwa hiyo maneno haya matatu si visawe. Kutosha na kubikuza huhusu pesa iliyo yako lakini iko mikononi mwa mwingine. Kuvunja huhusu fedha iliyo mkononi ambayo haikubaliki unakokwenda. Mkulima anayezitofautisha anaweza kuuliza kabla ya kupakia gunia: nitalipwa kwa noti au kwa simu, kwa fedha gani, na ada italipwa na nani? Maswali hayo yanafaa kufundishwa katika somo la Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda, pamoja na maana zote mbili za kutosha.