Lwembe

Lwembe ni mungu-shujaa wa Wanyakyusa, majirani wa Wandali wa Ileje, mkoani Songwe. Jina hilohilo alipewa mtawala wao wa Lubaga, aliyeaminiwa kuwa mungu akiwa hai, kama farao wa Misri alivyohesabiwa kuwa Horus. Kwake zilitoka mvua na rutuba.

Cheo chenyewe kilitisha. Kwa mujibu wa mwanaanthropolojia Monica Wilson, mtawala akiugua sana makuhani walimziba pumzi asife kifo cha kawaida, na kumng'oa nywele na kucha ili rutuba isiiache nchi. Ndiyo maana waliostahili kurithi walikimbia!

Ng'ambo ya mto Songwe, Kyungu wa Wangonde alikuwa na hadhi kama hiyo. Shujaa mwingine wa Wanyakyusa, Kyala, alibahatika zaidi: wamisionari waliofika kwao mwaka 1891 walilitumia jina lake kumtaja Mungu wa Biblia.