Kufunga chakula: njaa inasaidia roho?

Kwetu Kabongo Wakristo wengi wanafunga kwa kuomba. Wengine wanafunga kavu, bila hata maji. Tujiulize: njaa yenyewe ndiyo inafungua roho?

Wazee wa Kiluba wanatuelezea habari ya Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki. Yeye alikula na kunywa kwa kujificha. Lakini Nkongolo Mwamba alikula mbele ya watu, kinywa wazi, na kucheka. Kalala Ilunga, mwana wa Mbidi, alipokamata utawala, desturi ile ikabaki kwa wafalme: mulopwe anakula peke yake. Ile haikuwa kukaa na njaa. Ilikuwa kujitawala mwenyewe kabla ya kutawala watu.

Swali hili si la kwetu tu. Kule India, Bhagavad Gita, sura ya 6, inafundisha kama yoga haimfai mwenye kula kupita kiasi, wala mwenye kukataa chakula kabisa. Walimu wa hatha yoga walishauri kuacha robo ya tumbo wazi. Na Buda, wanavyosimulia wafuasi wake, alijitesa na njaa mpaka akabaki mifupa; alipokubali chakula tena, ndipo akapata nuru.

Basi, kufunga kwa kiasi kunaweza kutuliza mwili na kumupa mtu nafasi ya kutafakari. Lakini mama mwenye mimba, mutoto, ao mugonjwa wa sukari asilazimishwe, na mugonjwa asiache dawa zake. Mulopwe alijizuia, lakini alikula.